Mganga Hajigangi: Historia ya Bega la Muuguzi

Wazee walisema: Mganga hajigangi. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa kucheka. Lakini mtu akiingia katika nyumba za wagonjwa za Fizi na Baraka, aona upesi kwamba si jambo la kucheka. Humo wamo wanaume na wanawake wanaoinua wenzao usiku na mchana: kumketisha aliyelala, kumgeuza asiyejiweza, kumhamisha mama aliyejifungua, kubeba ndoo za maji, kutundika chupa ya dawa juu ya msumari. Na wako miongoni mwao ambao, kazi ikiisha, hawawezi kuinua mkono wao wenyewe hadi kichwani. Mwanamke hawezi kujifunga kitenge wala kusuka nywele za mtoto wake. Usiku akilalia ubavu ule, maumivu humwamsha.

Neno hili ni zito kwa sababu mbili. Kwanza, muuguzi ni mtu wa mikono. Mkono ukifa, kazi yake imekufa. Pili, katika nchi yetu wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, bali wagawana kidogo kinachotokana na ada za wagonjwa. Kwa hiyo mwenye bega bovu hunyamaza. Aogopa kusema, asije akaambiwa akae nyumbani bila chochote. Huendelea kuinua mpaka bega linakataa kabisa.

Leo tutaeleza habari ya bega hilo: jinsi watu wa kale walivyolitibu vibaya, ni nani waliovumbua njia iliyo bora, na njia hiyo yatufundisha nini sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika. Tutaona kwamba dawa yenyewe haiuzwi dukani, na kwamba waliosaidia kuileta ulimwenguni walikuwa wauguzi wenyewe.

ZIWA LETU NA KAZI YA KUBEBA

Tukitazama historia ya uuguzi katika nchi hii, twaona kwamba gari la wagonjwa la kwanza lilikuwa bega la mtu. Mapadre Weupe walifika pwani ya Tanganyika katika mwaka wa 1879. Mwaka uliofuata walijenga Mulweba, katika nchi ya Masanze, na mwaka wa 1883 walijenga Kibanga karibu na rasi ya Ubwari, isiyo mbali na Baraka ya leo. Siku hizo mgonjwa alifika misioni kwa mtumbwi, au kwa machela iliyochukuliwa na watu mabegani.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana Waafrika uganga, wawe walimu wa dini na waganga pamoja. Mmoja wao ni Adriano Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa na wauza watumwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa, na mwisho akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka wa 1889 alifika Karema, ng'ambo ya pili ya ziwa letu, akatibu watu huko mpaka alipokufa mwaka wa 1956. Ni karibu miaka 67 ya kuinama juu ya wagonjwa. Katika pwani hizi, mwalimu wa dini na mganga waliwahi kuwa mtu mmoja.

Baadaye ilikuja kazi kubwa zaidi. Mwaka wa 1926 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, kilianzisha chama cha FOMULAC kwa ajili ya uganga katika Kongo, na hospitali yake ya Katana, kaskazini ya Bukavu, ikajulikana Kivu nzima. Wakongo wakafundishwa uuguzi, na vijijini watu wakawaita waganga hata wasipokuwa madaktari. Mpaka leo mtu wa Baraka akisema naenda kwa munganga, mara nyingi ni muuguzi atakayemkuta.

Lakini kazi hiyo imekatizwa mara nyingi na vita. Jimbo la Uvira lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, maana liliundwa mwaka wa 1962, wakati watumishi wanne wa Kanisa walipouawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964: Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara huko Baraka, Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert huko Fizi. Kanisa liliwatangaza wenye heri katika mji wa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa humo. Mwaka uleule Wabembe wengi walivuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika mkoa wa Kigoma. Mwaka wa 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Baraka; mwaka wa 2020 walilazimika kufunga sehemu kubwa ya kazi zao katika Fizi, kwa sababu watu wao walishambuliwa. Na mwaka wa 2025, Bukavu ilipotekwa katika mwezi wa Februari, msukosuko ulifika hata kwetu.

Kila mara wageni wakiondoka na magari yao, nani hubaki? Hubaki muuguzi wa hapa, na bega lake. Kipindupindu kikija, kama kijavyo mara kwa mara Baraka, ndiye anayebeba maji na kuinua waliolegea. Kwa hiyo kulitunza bega hilo si anasa, ni kulinda hospitali yenyewe.

BEGA NI KITU CHA NAMNA GANI?

Mungu ameviumba viungo vya mwili kwa namna mbalimbali. Nyonga ni kama mchi uliokaa ndani ya kinu: umeshikwa vizuri, hautoki ovyo. Bega si hivyo. Bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani kidogo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na mahali pa kukaa ni padogo tena hapana kina. Ndiyo maana mkono waweza kwenda mbele, nyuma, juu na kuzunguka, kuliko kiungo kingine chochote.

Basi, ni nini kinachozuia chungwa lisianguke? Ni misuli minne midogo itokayo katika kombe la bega, ambayo kano zake zinakizunguka kichwa cha mfupa kama vidole vinavyoshika yai. Misuli hiyo haionekani kwa nje. Vijana wakijisifia mabega mapana, siyo wanayoionyesha. Lakini ndiyo ilindayo bega. Ikichoka, mfupa huteleza juu kidogo kila mkono unapoinuka, na kano hukwaruzwa na kubanwa. Hapo mtu asikia maumivu akiinua mkono kwa upande, hasa ukifika usawa wa bega. Akiupitisha pale, maumivu pengine hupungua. Hiyo ni alama wanayoijua waganga wa viungo.

Uko pia ugonjwa wa pili, nao ni bega kuganda. Mfuko uzungukao kiungo hukaza na kusinyaa, mkono usiweze kwenda hata ukisukumwa na mtu mwingine. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye ugonjwa wa sukari kuliko wengine. Huanza kwa maumivu makali, hufuata ukavu, kisha hulegea polepole. Safari hiyo yaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

KOSA LA ZAMANI: KUFUNGA

Kila mtu aliyeumia hutaka kutulia. Ni jambo la akili, na kwa siku chache za kwanza ni sawa. Lakini kwa muda mrefu waganga wa Ulaya walifanya pumziko hilo kuwa dawa yenyewe. Waliufunga mkono kwa kitambaa, wakauacha majuma mengi. Maumivu yalipungua kidogo, kweli. Lakini kitambaa kilipofunguliwa, mkono ulikuwa umekauka kama ngozi iliyosahauliwa juani. Mwaka wa 1872 daktari Simon Duplay wa Paris alieleza kwamba bega laweza kukaza na kuuma pasipo mifupa yenyewe kuharibika. Kilichoharibika ni vitu laini vinavyoizunguka. Ni ugunduzi mkubwa, maana mfupa uliooza haurudi, bali kitu laini chaweza kulainishwa tena.

Mbegu ya njia nyingine ilikuwa imekwisha kupandwa katika Uswidi. Huko aliishi Per Henrik Ling, mwalimu wa kupigana kwa upanga. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliumwa mkono, akaona kwamba mchezo wa upanga ulimpa nafuu. Mwaka wa 1813 alianzisha chuo huko Stockholm cha kufundisha mazoezi ya mwili, na sehemu moja ya mafundisho ilikuwa mazoezi kwa ajili ya wagonjwa. Madaktari wengine walimdharau. Walisema: Tangu lini mcheza upanga akawa mganga? Lakini wanafunzi wake walitawanyika katika nchi nyingi, na elimu hiyo ikaenea.

WAUGUZI WANNE WA LONDON

Sasa twafika mahali ambapo wauguzi wenyewe waliingia. Mwishoni mwa karne ya 19 katika London ukandaji wa viungo ulikuwa umepata jina baya. Zilikuwako nyumba zilizojidai kukanda wagonjwa, kumbe zilifanya mambo ya aibu, na mwaka wa 1894 gazeti la madaktari wa Uingereza lilizifichua mbele ya watu wote. Wauguzi wenye heshima waliofanya kazi hiyo kwa haki wakajikuta wametiwa doa pamoja na wasio na haki.

Wangeweza kuiacha kazi, wajiokolee jina. Hawakufanya hivyo. Wanne kati yao, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, walianzisha mwaka uleule chama cha wakandaji waliofundishwa. Wakaweka masharti: mtu asomee viungo vya mwili, afanye mtihani, ashike adabu, na asipokee mgonjwa pasipo daktari kumtuma. Mwaka wa 1920 chama kilipewa hati ya mfalme, na tangu mwaka wa 1944 chaitwa chama cha wataalamu wa tiba ya viungo. Mwaka wa 1951, huko Copenhagen, vyama vya nchi 11 viliungana kuwa shirikisho la dunia. Hivyo tiba ya viungo, ambayo leo hospitali zetu za Kongo huiita kinesiterapia, katika Uingereza ilizaliwa na wauguzi. Si kitu cha kigeni kwa muuguzi. Ni mtoto wa nyumba yake.

Mwanamke mwingine wa kukumbukwa ni Elizabeth Kenny wa Australia, aliyewauguza watu wa mashambani. Siku hizo watoto wenye ugonjwa wa polio walifungwa viungo kwa mbao na plasta, wasijongee. Kenny aliwafungua. Aliwafunika kwa vitambaa vya sufu vyenye moto, akavijongeza viungo vyao polepole, akawafundisha misuli iliyosahau kazi. Madaktari walibishana naye miaka mingi. Mwaka wa 1940 alikwenda Marekani, na huko njia yake ikapokewa. Si maelezo yake yote yaliyokuwa sahihi. Lakini tendo lake la kuwafungua waliofungwa lilibadili mawazo ya watu wengi.

DAKTARI ALIYEPENDA KUHESABU

Mtu aliyelisoma bega kuliko wote wa wakati wake ni daktari Ernest Codman wa Boston, Marekani. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake: alitaka kila mgonjwa afuatwe baada ya kutibiwa, ijulikane kama kweli amepona au la, na matokeo yaandikwe wazi, hata yakimwaibisha daktari. Wenzake hawakupenda. Mwaka wa 1914 aliondoka katika hospitali kubwa aliyokuwamo. Alikuwa amekwisha kufungua hospitali yake ndogo, akachapisha matokeo yake pamoja na makosa yake mwenyewe.

Mwaka wa 1934 alitoa kitabu kikubwa juu ya bega. Ndiye aliyeeneza jina la bega lililoganda. Na humo alieleza zoezi jepesi sana lenye hekima kubwa. Alitambua hivi: mtu akisimama wima, kuinua mkono mbele ni kazi nzito, kwa sababu misuli lazima ishindane na uzito wa mkono. Lakini akiinama kiunoni, mkono ukaning'inia chini, bega limekwisha kufika pale pale lingekuwa kama mkono ungeinuliwa, na misuli haikufanya kazi yoyote. Uzito uliokuwa adui umekuwa msaidizi. Mkono wapembea kama ulimi wa kengele ya kanisa. Tangu siku hizo zoezi hilo limezunguka dunia nzima, na halihitaji hata senti moja.

KISU KILIPOPIMWA

Hata hivyo historia haikwenda moja kwa moja. Mwaka wa 1972 daktari Charles Neer wa New York alieleza upasuaji wa kukwangua sehemu ya mfupa ulio juu ya bega, ili kano zipate nafasi. Shauri hilo lilionekana safi: kano zabanwa, basi tuzipanulie mlango. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi sana wa Ulaya na Marekani walipasuliwa, na wengi walisema wamepata nafuu.

Lakini je, nafuu ilitoka katika kisu? Hapa tabia ya Codman ya kuhesabu ikaleta matunda, ingawa mwenyewe alikwisha kufa mwaka wa 1940. Mwaka wa 2018 katika Uingereza yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 313. Wengine walipasuliwa na kukwanguliwa mfupa. Wengine waliingizwa chombo cha kutazamia tu, mfupa usiguswe, nao hawakujua. Wengine hawakupasuliwa kabisa. Waliokwanguliwa mfupa na waliotazamwa tu walipata nafuu sawasawa. Hata wale wasiopasuliwa hawakuachwa nyuma kwa tofauti kubwa. Mwaka uleule watafiti wa Finland walitoa jibu lililofanana na hilo. Basi kwa maumivu ya kawaida ya bega, mtu wa Fizi asihuzunike kwamba hana nauli ya kwenda kupasuliwa mbali.

Mwaka wa 2021 ilikuja habari nyingine yenye faida zaidi kwetu. Watu 708 wenye maumivu ya kano za bega walijaribiwa katika hospitali za Uingereza. Baadhi yao walionana na mtaalamu wa viungo hadi mara sita. Wengine walionana naye mara moja tu. Akawaeleza vizuri, akawaonyesha mazoezi, wakaenda kuyafanya nyumbani. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Walipima pia sindano ya dawa ndani ya bega: ilileta nafuu kidogo katika majuma ya kwanza, lakini mwaka ulipokwisha haikuacha tofauti.

Tufikirie maana yake. Wataalamu wa viungo ni wachache katika Kivu ya Kusini. Wengi twamjua Heri Kwetu ya Bukavu, kituo cha walemavu ambacho hata Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umekisaidia. Muuguzi wa Baraka hawezi kwenda Bukavu mara sita. Lakini kufundishwa vizuri mara moja, kisha kufanya mwenyewe kwa bidii, kumbe kwatosha kwa wengi.

MAZOEZI YENYEWE

Basi tuyaeleze, tukianza na yaliyo mepesi.

La kwanza ni zoezi la kengele. Simama kando ya meza, uegemee kwa mkono mzima, uiname. Uache mkono mgonjwa uning'inie, umelegea kabisa. Utikise mwili wako kidogo, mkono upembee mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, kisha kwa duara ndogo. Si mkono unaojisukuma; mwili ndio unaoupembeza. Dakika moja au mbili, mara tatu kwa siku. Hili lafaa hata siku za maumivu makali.

La pili ni kupanda ukuta. Simama ukielekea ukuta, uweke vidole usawa wa kiuno, uvitembeze juu polepole kama mjusi, mpaka pale bega linapokataa. Ngoja kidogo, uteremke vilevile. Weka alama ya mkaa pale ulipofika. Juma lijalo utazame kama umepita. Alama hiyo itakupa moyo kuliko maneno mengi.

La tatu ni fimbo. Lala chali, ushike fimbo kwa mikono miwili, na mkono mzima uusaidie ule mgonjwa kwenda juu ya kichwa, kisha urudi. Mara 10.

La nne ni la kombe la bega. Keti wima, uvute makombe mawili nyuma na chini, kana kwamba wataka kushika penseli katikati yao. Hesabu hadi tano, ulegeze. Mara 10. Muuguzi aliyeinama siku nzima juu ya vitanda lazima alifanye, maana mgongo uliopinda hulibana bega.

La tano ndilo liifundishalo ile misuli minne. Chukua ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uufunge kwenye nguzo. Kiwiko kikae ubavuni, kimepinda kama pembe ya dirisha. Weka kitambaa kilichokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, kisianguke. Uvute mpira kwa kuupeleka mkono nje, polepole, kisha uurudishe polepole zaidi. Anza na mara 8 au 10, pumzika, rudia. Siku nyingine uvute kuelekea tumboni. Usilianze hili mpaka maumivu makali yametulia.

La sita, bega likiisha kupata nguvu, ni kusukuma ukuta: mikono ukutani usawa wa bega, ukikaribia na kujisukuma nyuma.

Je, maumivu kidogo wakati wa zoezi ni hatari? La. Kanuni ni hii: maumivu madogo yanayotulia upesi na yasiyokuwapo kesho asubuhi yavumilika. Yakizidi usiku au yakidumu hadi kesho, umepita kiasi. Punguza, lakini usiache kabisa. Na mwenye bega lililoganda, wakati wa maumivu makali asilivunje kwa nguvu wala asimruhusu mtu kulivuta. Afanye kengele kwa upole na kungoja. Nguvu mpya za kano hazionekani kwa siku tatu. Ngoja majuma 12 ndipo uhukumu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kukanda kwa mafuta ya mawese yenye joto hakukatazwi. Hutuliza na kufariji. Lakini kukanda peke yake hakuufundishi msuli kazi. Kuchanja chale ni hatari ya bure, maana wembe huleta maradhi mengine.

NANI ASIFANYE MAZOEZI?

Bega lililoteguka au kuvunjika baada ya kuanguka litazamwe kwanza na daktari. Vivyo hivyo bega lililovimba na kuwa na moto pamoja na homa. Mkono uliokufa ganzi. Mkono usioweza kabisa kuinuka baada ya kuumia. Na maumivu ya bega yanayofuatana na kifua kubana na kuhema, maana hayo yaweza kutoka moyoni. Mwenye bega lililoganda yafaa apimwe sukari.

MZIGO WA MWENZIO

Lakini kutibu bega na kuliacha lirudi katika kazi ile ile kwa namna ile ile ni kuteka maji kwa pakacha. Mwaka wa 2007 mtafiti Thomas Waters wa Marekani alipiga hesabu, akasema kwamba hata katika hali njema muuguzi asiinue kwa mikono uzito wa mgonjwa unaozidi kilo 16 hivi. Mgonjwa mzima ana kilo ngapi? Mguu wake mmoja peke yake wakaribia kilo 10. Maana yake ni kwamba hakuna muuguzi, hata awe na nguvu za Samsoni, anayepaswa kumwinua mtu mzima peke yake.

Katika nchi tajiri ziko mashine za kuinulia. Sisi tuna vitu vingine. Shuka imara iliyowekwa chini ya mgonjwa, ikavutwa na watu wawili au wanne, humtelezesha badala ya kumwinua. Kitanda kikiinuliwa juu ya matofali mpaka usawa wa kiuno, mgongo na bega hupumzika. Msumari wa kutundikia chupa ukishushwa kidogo, mkono haunyoshwi juu mara thelathini kwa siku. Mgonjwa asiinuliwe kwa kushikwa makwapani, maana huumia yeye na huumia anayemwinua. Aambiwe kwanza ajisaidie kadiri awezavyo, na wote wainue kwa hesabu moja. Ndoo mbili zilizojaa nusu, moja kila mkono, ni bora kuliko moja iliyojaa mkono mmoja.

Tena tunao walinzi wa wagonjwa, yaani ndugu wanaolala hospitalini kupika na kuosha. Mara nyingi muuguzi akimgeuza mgonjwa wao, wao hukaa wakitazama, wakidhani ni kazi ya serikali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasema wazee: twauona mwepesi kwa kuwa hauko juu yetu. Mwaka wa 1977 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mkataba mzima, wa namba 149, juu ya hali za wauguzi. Mikataba ni mizuri, lakini usiku wa kipindupindu mkataba haushiki pembe ya shuka. Ndugu wa mgonjwa aweza kuishika.

Basi wasomaji, mmoja wenu akimpeleka mgonjwa Baraka au Fizi, asiulize tu habari ya dawa. Asimame upande wa pili wa kitanda, aulize: Munganga, nishike wapi? Wakuu wa vituo vya afya nao wawape wauguzi robo saa asubuhi ya kufanya mazoezi pamoja, na wasimwondoe kazini yule anayekiri kwamba bega lauma. Wampe kazi ya kuandika au ya kutoa dawa mpaka apone. Aliyeficha maumivu kwa hofu hupotea kabisa, na kumfundisha mwingine huchukua miaka.

Na ninyi wauguzi, msione haya kuinama kando ya meza na kuupembeza mkono kama kengele, hata wagonjwa wakicheka. Waacheni wacheke, kisha wafundisheni nao, maana kati yao wako wakulima na wavuvi wenye mabega kama yenu.